DD 214 yangu haisemi kama nilikuwa Djibouti. Nianzie wapi?

SWALI: Assalamu alaykum kaka. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nilikwenda Marekani kusoma, na mwaka 2010 nikaingia jeshi la nchi kavu la huko kupitia ule mpango wa MAVNI wa kuandikisha wageni wenye lugha zinazohitajika, kwa ajili ya Kiswahili changu. Nilitoka 2014 kwa heshima. Sasa nimerudi nyumbani na kifua kinanisumbua. Daktari amesema ni pumu. Niliomba fidia Idara ya Wanajeshi Wastaafu, VA, na miezi 4 iliyopita wakanikatalia kwa sababu DD 214 yangu, yaani cheti cha kutoka jeshini, haionyeshi kama nilihudumu Djibouti. Nami nilikaa Camp Lemonnier, kambi ya Marekani huko Djibouti, miezi 9, tena katika hiyo miezi nililetwa Manda wiki 3. Isitoshe, jina limegeuzwa: mimi ni Athman Omar Shee, cheti kimeandika Omar kuwa jina la ukoo. Kuna wakala hapo Malindi aniambia faili langu liliungua kwenye hifadhi ya rekodi za jeshi ya St. Louis na muda wa miaka 3 wa kusahihisha umeshapita, ila nikimpa dola 1,500 atanipitishia. Nimpe? Na je, ni lazima nifike Nairobi au Marekani? (Majina si yake ya kweli.)

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu, na pole kwa kifua.

Usimpe. Moto wa St. Louis ni kweli ulitokea, tarehe 12 Julai 1973, na uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Lakini mafaili ya jeshi la nchi kavu yaliyoungua ni ya watu waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Wewe umetoka 2014, na rekodi za askari wa zama zako zimehifadhiwa kwenye kompyuta. Huyo bwana ama hajui, ama anajua na anategemea wewe hujui. Kuomba nakala ya faili lako ni bure, kupeleka ombi la kusahihisha ni bure, na sheria ya Marekani inakataza mtu kumtoza mwanajeshi mstaafu ada kwa kumtayarishia dai lake la kwanza la VA. Mashirika ya wanajeshi wastaafu kama DAV, VFW na American Legion yana wawakilishi walioidhinishwa na VA ambao hawatozi hata senti, na wengi wao hufanya kazi kwa simu na barua pepe. Dola 1,500 ukiwa nazo, zitie kwenye matibabu.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Umefunga mambo mawili fundo moja, na ndiyo maana yanakuelemea. Kuna dai la fidia, liko VA. Kuna rekodi ya utumishi, iko jeshini. Ni ofisi mbili zisizoamrishana. Watu wengi wakikataliwa na VA huacha dai likalala, wakaanza kwanza kuhangaika na cheti, na cheti kikija kusahihishwa miaka imepita na tarehe ya dai imepotea. Hilo ndilo ninalotaka ulikwepe.

VA hailazimiki kuamini DD 214 peke yake. Karatasi nyingine ya serikali ikithibitisha kwamba ulikuwa Djibouti, inatosha. Tena wakati huu sheria iko upande wako: ile PACT Act iliyotiwa saini Agosti 2022 imeitaja Djibouti kwa jina miongoni mwa nchi ambazo aliyehudumu baada ya tarehe 11 Septemba 2001 huhesabiwa kuwa alivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini imo katika orodha ya maradhi yake. Maana yake hutakiwi kuthibitisha kwamba moshi ndio uliokuletea pumu. Unatakiwa kuthibitisha mambo mawili tu, kwamba ulikuwako na kwamba unaumwa.

Kwa hiyo hesabu siku zako. Kuanzia tarehe ya barua ya kukataliwa una mwaka 1 wa kupeleka dai la nyongeza, kwa fomu namba 20-0995, pamoja na ushahidi mpya ambao hawakuuona mwanzo. Ukiwahi ndani ya mwaka huo, fidia ikikubaliwa kwa kawaida huhesabiwa tangu tarehe ya dai la kwanza. Ukichelewa, utahesabiwa tangu siku uliyoleta hilo jipya. Imebaki miezi 8. Haitoshi kungojea bodi ya jeshi inayosahihisha rekodi, lakini yatosha kabisa kukusanya karatasi.

Karatasi gani? Hapa ndipo penye kazi, nami nitakaa kidogo.

Kwanza itazame hiyo hiyo DD 214 uliyonayo. Hakikisha ni nakala ndefu, ile iliyoandikwa Member-4 chini. Nakala fupi imeondolewa visanduku vya mwisho vinavyoeleza namna ulivyotoka, na ofisi nyingi huirudisha. Halafu nenda kisanduku cha 12, kijisehemu f. Hapo huandikwa jumla ya muda uliotumikia ng'ambo. Ukikuta pameandikwa miezi 9, basi cheti chenyewe kinakushuhudia kwamba ulitoka nje ya Marekani, na kosa liko kisanduku cha 18 tu, cha maelezo, ambapo karani alitakiwa kuandika jina la nchi na tarehe za kwenda na kurudi. Ukikuta sufuri, makosa ni mawili na utayataja yote mawili. Nimeona watu wakilalamikia kisanduku cha 18 pekee, wakasahihishiwa hicho, kisha cheti kikawa kinajipinga chenyewe.

Pili, omba faili zima, usiombe DD 214 peke yake. Fomu ni SF 180, au uombe kwa mtandao kwenye tovuti ya hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani. Askari wa miaka yako anaweza pia kupakua sehemu kubwa kupitia milConnect, tovuti ya jeshi, iwapo akaunti itakubali kufunguka ukiwa Kenya. Mara nyingine mitambo ya kuthibitisha utambulisho hugoma ikiona namba ya simu ya 254. Ikigoma usipoteze wiki nzima saiba, jaza SF 180 kwa mkono, tia saini, itume kwa posta au faksi. Kwenye sehemu ya kueleza unachotaka andika wazi: faili kamili la utumishi pamoja na amri zote za safari, tathmini za kazi, nishani na kumbukumbu za afya. Usipoeleza utatumiwa DD 214 ile ile unayoilalamikia.

Faili likija, tafuta yafuatayo. Amri ya kupelekwa Djibouti, yenye tarehe na namba. Muhtasari wa rekodi yako, ule ukurasa mmoja unaoitwa ERB, ambao una safu ya safari za nje. Fomu ya afya DD 2796, ile uliyojazishwa ulipokuwa unarudi, inayouliza ulikuwa nchi gani, lini, na kama ulivuta moshi. Hiyo kwako ni dhahabu, kwa sababu inataja nchi na kifua kwa pamoja na iliandikwa kabla hujawa na dai lolote. Halafu fomu ya kupendekezewa nishani, DA 638, kama ulipata nishani kwa kazi ya Djibouti.

Na karatasi za mshahara! Watu huzisahau, na mimi naziamini kuliko barua za makamanda. LES ya kila mwezi huonyesha posho ya hatari, ambayo kiwango chake cha mwezi ni dola 225, na huonyesha kama mshahara wako wa mwezi huo ulisamehewa kodi. Djibouti ilikuwa katika maeneo ya posho hiyo. Jeshi linaweza kusahau kukuandika kisanduku cha 18, lakini mhasibu hatoi posho ya hatari kwa mtu aliyekaa Texas. Ukipata LES za miezi 9 mfululizo zenye posho hiyo, ziweke juu kabisa.

Mwisho mashahidi. Wenzio 2 au 3 mliokuwa kikosi kimoja, kila mmoja aandike kwa maneno yake kwenye fomu 21-10210 ya VA: jina lake, cheo, kikosi, alikuwa huko tangu lini hadi lini, alikuona ukifanya nini. Usiwaandikie wewe wakatia saini. Barua tatu zenye sentensi zilezile humfanya msomaji ashuku hata zile za kweli.

Hizo wiki 3 za Manda najua zina uzito kwako. Mtu anasafirishwa kutoka Marekani hadi Djibouti kisha analetwa kukaa karibu na kwao, na nyumba ya mamake haruhusiwi kwenda kuisalimia. Hata hivyo usizitie katika dai hili. Kenya haimo katika orodha ya nchi za PACT Act, na safari fupi kama hiyo si rahisi kuandikwa kisanduku cha 18. Ukizitia, msomaji ataanza kuuliza: kumbe hakuwa Djibouti miezi yote 9, alikuwa Kenya pia? Umemwachia pa kusitasita bure.

Sasa rekodi yenyewe. Hata VA ikikulipa kesho, isahihishe, kwa sababu utaihitaji tena, na warithi wako pia wataihitaji. DD 214 kwa kawaida haichapwi upya. Hutolewa karatasi ya pili, DD 215, inayosema kisanduku fulani kisomeke hivi badala ya vile, na tangu hapo karatasi hizo mbili huenda pamoja.

Kosa la wazi la ukarani laweza kurekebishwa na ofisi ya utumishi wa jeshi iliyoko Fort Knox, Kentucky, bila bodi kukaa. Anzia hapo, ukiambatanisha amri ya safari na LES. Bodi yenyewe inapenda kuona kwamba ulikwisha kugonga mlango wa kawaida, na asiyegonga mara nyingi hurudishiwa ombi lake bila kusikilizwa. Wakikataa au wakinyamaza, barua yao au ushahidi kwamba uliwaandikia ndiyo tiketi yako ya kwenda Bodi ya Kusahihisha Rekodi za Jeshi la Nchi Kavu.

Bodi hizi zilitokana na sheria ya mwaka 1946. Kabla ya hapo askari aliyeandikiwa vibaya ilibidi atafute mbunge ampelekee muswada wake binafsi Bungeni, na Bunge likachoka. Wanaokaa humo ni raia, si maofisa wa jeshi. Fomu ni DD 149. Na jambo ambalo wengi hawalielewi ni hili: bodi si mpelelezi. Haitakwenda kukutafutia karatasi. Inaanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawa, na mzigo wa kuonyesha kwamba liliandika vibaya ni wako. Ukiandika kurasa 6 za jinsi ulivyoonewa bila kiambatanisho, utajibiwa kwa upole na utashindwa. Ukiandika nusu ukurasa, “kisanduku cha 18 hakitaji Djibouti, kiambatanisho cha 1 ni amri ya safari, cha 2 ni LES za miezi 9, cha 3 ni DD 2796, naomba kisomeke hivi”, umewarahisishia. Maamuzi yao ya nyuma yamewekwa mtandaoni yakiwa yamefutwa majina. Kabla hujaandika, soma machache yanayohusu utumishi wa ng'ambo usioandikwa, uone walikubali kwa karatasi gani na walikataa kwa kukosa nini. Hakuna wakala atakayekufundisha vizuri kuliko hayo.

Miaka 3: hapo wakala wako amesema nusu. Sheria inataka ombi lije ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, na kwa sababu DD 214 ina saini yako kisanduku cha 21, watasema uligundua siku uliyotia saini. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu bodi kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na fomu ina mahali pa kuliomba hilo. Usipaache wazi, wala usibuni hadithi. Andika ukweli: ulisaini ukiwa katika haraka za kutoka, hukujua kisanduku hicho kina kazi gani, na athari yake umeiona VA ilipokukatalia. Ombi lenye ushahidi mzito husamehewa mara nyingi. Lisilo na ushahidi, hata lingefika mwaka wa kwanza lingeanguka. Wao nao wana muda wao: sheria inawataka wamalize kila ombi ndani ya miezi 18. Wakikataa nawe baadaye ukapata karatasi mpya, unaweza kuomba walitazame tena.

Jina ni habari nyingine, na naomba ulisikilize hili hata kama halitakupendeza.

Sisi huku jina letu ni letu, la baba na la babu, na hakuna kati ya hayo lililo la ukoo kwa maana ya Wamarekani. Fomu zao zinataka la ukoo litangulie, kisha mkato, kisha la kwako. Mtu akiwa na pasipoti inayosema hivi, cheti cha shule kinasema vile, na karani hajawahi kukutana na Shee wala Omar, anachagua moja. Swali ambalo bodi itauliza si jina lako la kweli ni lipi. Itauliza: je, wakati unatumikia, jeshi lilikujua kwa jina gani?

Basi fungua faili uangalie mkataba wako wa kuingia jeshini, DD 4. Ukikuta mkataba unasema SHEE, ATHMAN OMAR, na amri zako na LES zako zinasema hivyohivyo, na ni DD 214 pekee iliyogeuza, hilo ni kosa la karani na DD 215 itatolewa bila maneno mengi. Lakini ukikuta tangu mkataba hadi siku ya mwisho uliitwa OMAR, ATHMAN SHEE, bodi itakwambia rekodi ni sahihi, kwa kuwa hilo ndilo jina ulilotumikia, na jeshi halipendi kubadilisha kumbukumbu zilizoandikwa sawasawa wakati wake. Hata hivyo hutoki mikono mitupu: bodi ina kawaida ya kuamuru uamuzi wake uwekwe ndani ya faili, ili yeyote atakayelifungua aone majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Kwa hali hiyo ya pili, unachohitaji si kubadilisha cheti, ni kuunganisha majina. Nenda kwa wakili yeyote aliye kamishna wa viapo, hapo Lamu au Malindi, akuandikie hati ya kiapo kwamba Athman Omar Shee na Athman Shee Omar ni mtu mmoja. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na cheti cha uraia wa Marekani kama ulichukua uraia jeshini, maana wengi wa MAVNI walichukua. Cheti cha uraia nacho kikiwa na jina lililogeuzwa kwa kosa lao, hicho hakihusiani na jeshi: ni idara ya uhamiaji, kwa fomu N-565. Kama una cheti cha ndoa cha kadhi au karatasi yoyote ya Kiswahili au Kiarabu, ifasiriwe Kiingereza na mfasiri aandike chini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Na kamwe usitume karatasi halisi. Skani, tuma nakala.

Tena jina na Djibouti uyapeleke kwa maombi mawili tofauti. La Djibouti likiwa na ushahidi safi litakwenda, usilifunge na la jina ambalo huenda likazua mjadala. Kamba hukatikia pembamba.

Nairobi huna haja ya kwenda, na Marekani ndiyo kabisa. Ubalozi una huduma ya kushuhudia saini kwa dola 50 kwa kila muhuri, lakini kwa maelezo yako na ya mashahidi wako hutakiwi muhuri. Sheria yao, kifungu cha 1746 cha Kichwa cha 28 (Title 28) cha mkusanyo wa sheria zao, inakubali tamko lisilo na kiapo badala ya hati ya kiapo, madhali umetia saini, tarehe, na sentensi inayosema unatamka kwamba haya ni kweli na unajua adhabu ya kusema uongo chini ya sheria za Marekani. Wewe uko nje ya nchi yao, kwa hiyo hayo maneno “chini ya sheria za Marekani” lazima yawemo. Shahidi aliyeko Ohio anaweza kuyaacha, wewe huwezi. DD 149 inapokelewa kwa mtandao. Kwenye sehemu ya anwani andika sanduku lako la posta la Lamu na 80500 kama kawaida, na weka barua pepe unayoifungua kila siku.

Jambo moja la afya kabla sijakuacha. Barua ya daktari inayosema “ana pumu” haitoshi VA kupanga kiwango cha fidia. Wanataka kipimo cha nguvu za mapafu, kile cha kupuliza kwenye mashine. Mwombe daktari wako akuandikie, hata kama itabidi uende Mombasa, na ripoti iseme pumu iligunduliwa mwaka gani. Dai likikubaliwa, jiandikishe mara moja katika mpango wa VA wa matibabu ya nje ya nchi: hulipia matibabu ya ugonjwa uliokubaliwa hata ukitibiwa hapo hapo Kenya. Kwa hiyo kuanzia sasa kila risiti ya dawa na ya kliniki iwe na jina lako, tarehe, ugonjwa na kiasi ulicholipa. Ile karatasi ndogo ya duka la dawa yenye jumla peke yake hawaitambui. Mwambie muuzaji akuandikie kamili.